Nilimzuia Binti Yangu Kumwita Daktari wa Ng'ombe

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba, na nyumbani ni Kibugu, Embu, kule juu karibu na msitu. Nina shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili wa maziwa. Zamani walikuwa watatu. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niandike haya, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu... ingawa mkinihukumu pia sitashangaa.

Wacha niseme ukweli. Mimi ni mtu wa kujisifu. Zizi langu linafagiliwa kila asubuhi, na kanisani akina mama wakitafuta maziwa mazuri wanaelekezwa kwangu. Kwa hivyo ng'ombe wangu Kairu alipotupa mimba ya miezi saba, kitu cha kwanza kuniingia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa aibu! Huku kwetu ng'ombe akitupa mimba, watu hawasemi ni mgonjwa. Wanauliza wewe mwenyewe umefanya nini.

Nilimchukua yule ndama aliyekufa, nikamtupa kwenye migomba kabla majirani hawajatoka. Mbwa akaanza kumburuta. Nikamfukuza, nikamfukia ndama kijuujuu kwa jembe, nikanawa mikono, nikaenda kuchuma chai.

Siku mbili baadaye daktari wa ng'ombe alipita kumtibu ng'ombe wangu mwingine kiwele. Ni kijana mpole lakini ana macho. Alimtazama Kairu kwa nyuma, akaniuliza, "Mama, hii ng'ombe imetupa?" Sikuweza kukataa. Akaniambia inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, na kwamba humwingia hata binadamu kupitia maziwa mabichi, au akishika uchafu wa kuzaa kwa mikono mitupu. Alitaka kuchukua damu siku hiyo hiyo. "Na isitoke hapa kwa boma, Mama. Isipelekwe kwa dume, isiuzwe, mpaka tujue."

Nilimwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi, nilikuwa nimejificha kwenye chai nikimwona akibisha mlango! Alinipigia simu mara mbili, sikushika. Niliogopa nini? Niliogopa karatasi. Nilijua kwamba jibu likiandikwa, nitalazimika kulifuata.

Miezi miwili baadaye nilimpeleka Kairu kwa dume la jirani, kama tunavyofanya wengi huku. Akashika mimba. Akanenepa, manyoya yakang'aa. Nikajiambia, unaona? Kijana alikuwa anatafuta kazi tu.

Sasa niwaeleze kuhusu Wawira, kifungua mimba wangu. Ameolewa Meru, karibu na Nchiru, na mtu mtaratibu anayeitwa Mutwiri. Wana kibanda cha chai na mandazi cha wanafunzi. Kwa miaka saba hawakupata mtoto. Miaka saba! Kila Krismasi mama mkwe wake alimwuliza mbele ya watu kama mwaka unaokuja ataletewa zawadi. Wawira alikuwa anacheka, kisha ananipigia simu akilia.

Halafu Mungu akajibu. Mimba ilipopita miezi minne, wakwe waliitisha maombi ya shukrani nyumbani kwao. Tulienda akina mama kumi kutoka Embu, na ndizi, na unga wa uji, na nyimbo zetu. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisimama nikiwa nimejaa furaha, nikatangaza kwamba mjukuu wangu hatalelewa kwa maziwa ya pakiti. Nampa Kairu, nikasema, na amebakisha mwezi mmoja tu azae!

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia. Mama mkwe, ambaye hanisifu hata kwa bahati mbaya, alinikumbatia. Na pale pale, katikati ya kumbatio hilo, nilimkumbuka yule daktari. "Isitoke hapa kwa boma." Lakini zawadi ikishatamkwa mbele ya wakwe, unaimezaje tena? Ungesema nini? Kwamba ng'ombe wako anayesifiwa ni mgonjwa? Nikajiunga na wimbo uliofuata. Wiki iliyofuata Kairu akapandishwa kwenye pikapu, akaenda Meru.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa kwenye chai, karibu saa nne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Wawira.

"Mami, Kairu imezaa. Lakini kandama ni kanyonge sana, na ile kondo ya nyuma imekataa kutoka tangu jana. Niite daktari?"

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo nilipomuua mjukuu wangu. Nilijua daktari akija atauliza ng'ombe ametoka wapi na kama aliwahi kutupa. Nilijua Wawira ataniuliza mimi. Nikasema, "Daktari wa nini? Mimi nimetoa kwa hii mikono yangu miaka yote. Paka sabuni mpaka kwa kiwiko, ingiza mkono, vuta polepole."

Akaniuliza tena kama si vibaya kwa hali yake. Nikamcheka! Nikamwambia mimba si ugonjwa, kwamba mimi nilikata majani ya ng'ombe mpaka siku ya kumzaa yeye. Akanitii. Wawira amekuwa mtoto wa kutii tangu utotoni.

Ndama alikufa siku ya tatu. Nilisema ni baridi.

Wiki tatu zikapita, Wawira akaanza kupata homa. Inakuja jioni, inatoka asubuhi. Jasho la kulowesha shuka, mgongo unauma, viungo vinauma. Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Ya pili wakasema homa ya matumbo. Alimeza vidonge vya kila rangi. Mimi nilikuwa napiga simu kila siku kumwambia anywe uji, ajifunike, aombe. Moyoni nilikuwa najua. Nilikuwa najua na nikamwambia anywe uji...

Mtoto alizaliwa kabla ya miezi saba kutimia. Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi na kucha ndogo zilizokamilika. Hakulia. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuwaambia majirani zake wote kwamba akiwa msichana ataitwa jina lake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilipewa majuto, mjukuu nikamkosa.

Daktari wa hospitali ndiye aliyeuliza kama kwao wanafuga. Damu ya Wawira ikapimwa, ikaonyesha brusela. Ya Kairu ikapimwa, ikawa hivyo hivyo. Wawira akanipigia simu kutoka kitandani, sauti ikiwa chini sana. "Mami, Kairu iliwahi kutupa?"

Nikasema hapana. Hata siku moja! Ulimi wangu ulisema haraka kuliko nilivyofikiri.

Uongo huo ulikaa siku kumi na mbili. Kilichouvunja ni habari niliyoletewa na shangazi yake Wawira, kwamba kule Meru mama mkwe anamlaumu binti yangu. Eti mwanamke mjamzito anaingizaje mkono ndani ya ng'ombe, hana akili? Na Wawira hakuwa amejitetea. Hakuwa amesema ni mama yake aliyemwambia. Alikuwa amenificha mimi, mimi niliyemficha yeye!

Nilisafiri kesho yake. Nikakaa kwenye sebule ile ile ya vigelegele, nikawaeleza yote: ndama wa kwenye migomba, daktari niliyemkimbia, ile simu ya asubuhi. Mama mkwe aliinama. Mutwiri alitazama ukuta. Wawira ndiye aliyeniangalia.

"Mami, ungeniambia tu," alisema. "Ningevaa glavu. Ningeita daktari. Hata ungesema umebadilisha nia ya ng'ombe, mimi ningekuchukia kwa nini?"

Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Mutwiri alinisindikiza mpaka barabarani. Huo ni mwezi wa tano sasa.

Kairu aliondolewa, akachinjwa chini ya uangalizi wa maofisa wa mifugo. Nilipimwa na mimi, nikapatikana nayo. Haya maumivu ya magoti niliyodhani ni uzee, kumbe! Nilimwendea jirani mwenye dume, nikamwambia kwa kinywa changu, na ng'ombe wake wawili walikuwa wametupa. Hanisalimii, lakini amepima boma lote. Kuna wengine waliotumia dume lile, nao nimewafuata mlango kwa mlango.

Nawasihi wenzangu mnaofuga. Ng'ombe akitupa, mwite daktari siku hiyo hiyo. Msishike ndama wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na fukieni kwa kina ambapo mbwa hatafika. Chemsheni maziwa. Msipeleke wala kupokea ng'ombe ambaye hajapimwa, hata akitoka kwa mama yako mzazi! Aibu ya kusema ni ya siku moja. Hii yangu nitazikwa nayo.

Wawira hashiki simu zangu, lakini najua husoma ukurasa huu pale kibandani wanafunzi wakiwa darasani. Mwanangu, nimesikia bado unautazama mkono wako na kulia. Usiulaumu. Mkono wako ulifanya kile mama yako alichokuambia. Ni mimi, Wawira. Ni mimi.