Jadi Anaishi Kijiji Gani?

"Na mwisho wake mmeupeleka wapi?"

Bibi Bonifasia aliuliza hivyo barazani kwake Nyakisasa, kitabu kipya kikiwa mapajani. Mjukuu wake Adventina, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsomea, aliinamisha kichwa. Mkurugenzi Leonidas, mchapishaji wa kitabu, alikuwa anahangaika na simu yake, anatafuta mwanga mzuri.

"Bibi, tabasamu kidogo. Shika kitabu juu, jalada lionekane. Hapo hapo!"

Jalada lilionekana. Lilikuwa na picha ya mafunjo, jina la kitabu, Mwomba Sauti, na chini yake, kwa herufi nene, jina la mwandishi: Leonidas. La Bonifasia halikuwa nje wala ndani. Ukurasa wa pili ulisema tu kwamba hadithi "imetokana na masimulizi ya jadi". Bibi hakujua kusoma, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na alikuwa amesikia kwamba hadithi yake imekatwa mkia.

Hadithi yenyewe ni ya jini la kwenye mafunjo ya mto Ruvubu, jini lisilo na sauti. Giza likiingia hupita mlango kwa mlango likiomba, na anayelisimulia huliazima sauti yake, maana bila hivyo haliwezi kusema neno hata moja. Ndiyo maana katika ukoo wa Bonifasia hadithi hii haiachwi wazi. Hulazwa. Msimuliaji akifika mwisho humtaja aliyempa: "Nimeipokea kwa mama yangu Agripina, hapa Nyakisasa. Sauti ni yangu, naichukua." Ndipo watu hunyanyuka. Na anayeilaza ni yule anayejiita mwenye hadithi. Mwingine hawezi kuilaza kwa niaba yake, kama vile mtu hawezi kukukoholea kifua chako.

Adventina alikuwa mhariri katika kampuni ndogo ya uchapishaji ya Leonidas mjini Biharamulo. Yeye ndiye aliyemrekodi bibi yake. Yeye ndiye aliyepiga kelele ofisini mstari wa mwisho ulipofutwa.

"Bosi, huo mstari ndio unaoilaza hadithi."

"Huo ni utambulisho wa ukoo, binti. Msomaji wa Dodoma Agripina anamhusu nini? Acha jini libaki mlangoni, msomaji abaki anatetemeka. Hiyo ndiyo inauza."

"Basi weka jina la bibi kwenye jalada."

"Bibi ameandika nini? Ameongea tu. Hata kasuku anaongea."

Chuoni Adventina alikuwa bingwa wa midahalo. Angeweza kumkaanga mtu kwa hoja mpaka akubali kwamba hakuzaliwa. Lakini mkataba wake wa kazi ulikuwa haujasainiwa, na Leonidas alikuwa ameuweka mezani, kalamu juu yake, kama mtu anayemwonyesha mbuzi jani. Akarudi mezani kwake.

Walipoagana siku ile ya picha, Bibi Bonifasia aliwasindikiza mpaka migombani. Leonidas akatangulia kwenye gari. Bibi alimshika Adventina mkono, akafungua mdomo kusema kwaheri, akaufunga. Adventina alidhani ni uchungu wa kuagana.

Kesho yake gari la vitabu likashusha mzigo Biharamulo. Leonidas alikuwa ametoa vitabu vya kila namna kwa mpigo, na stoo ikajaa maboksi mpaka darini: riwaya ya mapenzi, maisha ya golikipa mstaafu, mwongozo wa kufuga nyuki, kitabu cha kupambana na mnyauko wa migomba, vitendawili vya watoto, historia ya boma la Wajerumani. Nakala za Mwomba Sauti ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote.

Mtunza stoo, Clever, ndiye aliyeanza kusikia harufu.

"Dada Adventina, hivi vitabu vimelowa?"

Adventina alivigusa. Vilikuwa vikavu kabisa. Lakini harufu ilikuwepo: tope la mtoni, mafunjo yaliyooza, na ndani yake, kwa mbali, moshi wa kuni ambao Adventina aliujua tangu utotoni.

Mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, alirudi stoo peke yake kuchukua nakala za kupeleka shuleni, na alipoinama kwenye boksi la kwanza akasikia mtu anaongea upande wa pili wa maboksi, taratibu, kwa sauti ya kikongwe yenye mkwaruzo kidogo na ile tabia ya kupumua katikati ya neno, sauti iliyomwimbia akiwa na surua na kumgombeza akiwa mwari, sauti ya bibi yake. Ilikuwa inasoma. Bibi Bonifasia ambaye hakuwahi kushika chaki alikuwa anasoma, bila kukwama, habari za golikipa aliyedaka penalti mvua ikinyesha, kisha bila kuvuta pumzi akahamia kwenye dawa ya kupuliza mizinga, kisha kwenye busu la riwaya, kisha kwenye mnyauko, na kila alipomaliza kitabu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekaa na njaa miaka mingi na sasa amefunguliwa ghala, na Adventina akitaka kuita akaogopa kwamba akifungua mdomo na yake itachukuliwa.

Clever alimkuta ameegemea ukuta.

"Umesikia?" Adventina alinong'ona.

"Nimesikia," Clever akanong'ona naye. "Nilidhani umeacha redio. Mbona unalia?"

Alipiga simu Nyakisasa. Ikapokelewa na shangazi yake, Jovina.

"Shikamoo shangazi. Nipe bibi."

"Marahaba. Nikupe ufanye naye nini? Bibi yako hasemi tangu mlipoondoka. Anafungua mdomo, hakitoki kitu. Mganga wa zahanati anasema koo halina kidonda. Halafu mwanangu, analia. Analia bila sauti, hujawahi kuona kitu kibaya hivyo."

Adventina aliingia ofisini kwa Leonidas bila kubisha hodi. Alimweleza yote. Leonidas alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akatembea hadi stoo kumwonyesha upumbavu wake. Alirudi amekauka midomo. Kabla jua halijashuka alikuwa amemwita mtaalamu wa majini kutoka Nyakahura, Mzee Sostenes, mtu mfupi mwenye koti kubwa na simu mbili.

Mzee Sostenes alifukiza ubani mpaka Clever akakohoa. Akazunguka maboksi, akapiga goti, akauliza kama wanavyouliza watu wa kazi hiyo:

"Wewe ni wa nani?"

Kisha sauti ya Bonifasia ikajibu kutoka kwenye maboksi yote kwa pamoja, kwa adabu kabisa:

"Mimi ni wa Leonidas. Jina lake liko kwenye jalada."

Clever alitoka mbio, akaacha kiatu. Mzee Sostenes aliinuka, akajipangusa magoti, akamtazama mkurugenzi kama mtu anayetazama dawa iliyokwisha muda.

"Mzigo ni wako. Mimi siwezi kufukuza kitu mbele ya mwenyewe. Umekipokea kwa nani?"

"Kwa bibi yake huyu binti," Leonidas alinong'ona.

"Usiniambie mimi. Liambie lenyewe, mchana, mbele za watu, umtaje kwa jina. Ukisema wewe mwenye jalada, sauti inarudi yote. Wakisema wengine, wasomaji tu, itarudi tone kwa tone, na bibi mwenyewe ni mtu mzima, sijui kama atayasubiri hayo matone."

"Mbele za watu?" Leonidas aliruka. "Wiki hii nazindua! Wageni wanatoka mkoani! Nisimame niseme kitabu si changu?"

"Bosi, ni jina moja tu," Adventina alisema. "Bonifasia. Hata kigugumizi analiweza."

"Wewe nyamaza! Ulikuja hapa na soli zimetoboka, nimekupa kazi."

"Na wewe ulikwenda Nyakisasa mikono mitupu, amekupa kitabu."

Alifukuzwa pale pale, mtaalamu akishuhudia. Mzee Sostenes alizima ubani wake na kukataa chai.

Adventina hakurudi kwao Nyakisasa. Siku ya uzinduzi alisimama mlangoni mwa ukumbi, jua la saa sita likimchoma mgongo, maana ndani palikuwa pamejaa. Vitabu vyote vipya vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Harufu ya tope ilimfikia pale pale aliposimama, na akaona wageni wa mbele wanapeleka leso puani huku wanatabasamu kwa heshima.

Leonidas akasimama kusoma. Alifungua Mwomba Sauti, akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya bibi kizee.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Anaigiza huyu!" mtu akapiga ukelele. "Mkurugenzi ni msanii!" Leonidas alikuwa ameshika koo lake kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na sauti ikaendelea kumtoka kama maji yanavyotoka kwenye bomba lililopasuka, ikasoma hadithi mpaka pale jini linaposimama mlangoni, haikusimama, ikapitiliza ikasoma nyuki na golikipa na boma na vitendawili, na watu wakacheka hadi machozi, na kadiri walivyocheka ndivyo uso wa Leonidas ulivyozidi kuwa wa kijivu, na hakuna hata mmoja kati ya wasomi wale wote aliyejiuliza kwa nini mtu anayeigiza anajikojolea.

Ghafla ikanyamaza. Kisha, taratibu, kupitia kinywa chake mwenyewe, ikamwuliza:

"Leonidas, umenipokea kwa nani?"

Ikamwachia koo. Adventina aliona kabisa limeachiwa, maana Leonidas alivuta pumzi ndefu, akakohoa kwa sauti yake mwenyewe. Macho yao yakakutana. Adventina alimtamkia jina kwa midomo tu, polepole, kama unavyomfundisha mtoto: Bo-ni-fa-si-a. Leonidas alimwona. Kisha akawatazama wageni wa mbele, akatazama kamera.

"Nimeipokea," alisema, "kwa jadi."

Sauti ya bibi ikacheka ndani ya kifua chake.

"Jadi anaishi kijiji gani? Jadi ni binti wa nani?"

Watu walisimama kupiga makofi. Nakala zote ziliisha mezani kabla ya soda.

Tangu siku hiyo Leonidas hana sauti nyingine. Huhojiwa redioni kwa sauti ya kikongwe, na watangazaji husema ni kipaji adimu. Huko nyumbani kwake, wasema majirani, akilala usingizi inaendelea kusoma. Kitabu kimechapwa tena. Wamekipeleka Dodoma, Mbeya, kila mahali, na waliokinunua wanalalamika kwamba rafu zao zinanuka mto.

Siku moja jirani kule Nyakisasa alifungua redio, na Bibi Bonifasia akajisikia mwenyewe akishukuru wafadhili. Aliinuka na mkongojo wake, akatembea mpaka pale, akaizima.

Adventina sasa anauza pipi na madaftari kwenye gulio la Nyakahura. Kila akimwona mtu na Mwomba Sauti mkononi humsimamisha, humwomba akifika mwisho ataje jina la Bonifasia. Wengi humcheka. Wengine humwita kichaa aliyefukuzwa kazi, ambalo nusu yake ni kweli. Lakini mwalimu mmoja wa Nyamigogo, anaitwa Ansbert, alikubali. Alisoma, akafika mwisho, akasema kwa sauti mbele ya mke wake. Jioni ileile shangazi Jovina alipiga simu.

"Amesema!"

"Amesema nini?"

"Amesema 'maji'. Neno moja tu. Nimempa, amekunywa, amefungua mdomo tena, basi, hakuna."

Ni tone moja. Na bibi amekonda, bangili yake sasa inavuka mkono bila kufunguliwa.

Hadithi hii imetoka kwa Adventina wa gulio la Nyakahura. Yeye aliipokea kwa bibi yake, Bonifasia binti Agripina, wa Nyakisasa. Sasa imefika kwako. Tafadhali, kabla hujaifunika, sema kwa sauti umeipokea kwa nani.