Limebaki Jicho Moja

Habari hii aliisimulia kwanza shangazi yangu, dada wa baba, mwaka 1988, siku tuliyopaka rangi nyumba na sote tukalazimika kula nje. Aliisimulia mara mbili tu maishani. Nimeandika yale ambayo hayakubadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Shangazi alikuwa mshona nguo. Binti yake wa pekee, binamu yangu, alikuwa na miaka minne, na alitaka ndege wa kuchezea, wa mti. Shangazi akaenda kwa fundi seremala wa mtaa wa pili amfundishe kuchonga. Fundi akampa kisu kifupi na kipande cha mti mbichi, laini.

"Wanaoanza huanza na ndege," alimwambia. "Hana mikono, hana masikio. Hata ukikosea, ataonekana amelala."

Siku ya tatu fundi alimgeuzageuza yule ndege mkononi. "Dada, huyu ni ndege au kiatu?"

"Kiatu chenye mdomo," shangazi akajibu, wakacheka. Akamfunga ndege kwa kitambaa chenye maji, mti usije ukakauka haraka ukapasuka, akamwacha mezani pale karakana ya fundi.

Kesho yake alasiri, binti aliamka akisugua jicho la kulia.

"Mama, huku kuna giza."

Jicho halikuwa jekundu. Halikuwa na uchafu. Lilikuwa zima, na halikuona kitu. Shangazi alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda kumwomba fundi, aliyekuwa na gari, awapeleke hospitali. Jua lilikuwa linazama.

Fundi hakuwepo. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kidogo, na ndani...

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kisu juu ya mti. Harufu ya mti mbichi, na chini yake harufu nyingine... ya nywele za mtoto aliyetoka kulala.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda cha shangazi, ameupa mlango mgongo.

"Hodi," shangazi alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu, mwenzangu," mwanamke alinong'ona bila kugeuka. "Ndege wako hakuwa na sura. Nimempa."

Shangazi alisogea, akachungulia juu ya bega lake. Kilichokuwa kwenye kitambaa kilikuwa uso mdogo wa mti. Paji pana. Kovu juu ya nyusi, la siku mtoto alipoanguka kwenye ngazi. Uso wa binti yake. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuchongwa.

Lilimtazama.

"Limebaki jicho moja," mwanamke alisema, na kuweka ncha ya kisu upande wa kushoto.

Mwanafunzi wa siku tatu hajui mengi. Ila kosa moja shangazi alilijua vizuri, maana lilikuwa limemharibia ndege wawili wa kwanza: kuingiza kisu kwa juu, kufuata nyuzi za mti, na kukandamiza. Akampokonya mwanamke kisu, akakizamisha katikati ya paji, akakandamiza kwa uzito wake wote.

Uso ukapasuka.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mti.

Nusu ya kushoto, isiyo na jicho, ilianguka miguuni pa shangazi. Ile nyingine mwanamke aliikumbatia, akampita, akatoka taratibu kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Sura yake ilikuwaje? Nilimuuliza shangazi mara zote mbili. Mara zote mbili aliomba maji.

Fundi aliporudi aliokota ile nusu, akaisogeza kwenye taa. "Dada, hizi alama ni za mkono wa kushoto," alisema polepole. "Hapa kwangu anayechonga kwa kushoto ni wewe tu."

Usiku ule walimpeleka mtoto hospitali. Madaktari hawakuona kasoro yoyote.

Fundi alifariki mwaka 1993, shangazi mwaka 2006. Binamu yangu yu hai, ana watoto wawili, na jicho lake la kushoto halijawahi kumsumbua. Watu husema la kulia ni pofu. Yeye huniambia mimi tu kwamba linaona, ila halioni hapa. Linaona chumba, maranda sakafuni, na mikono ya mwanamke.

Kwa hiyo huyo naye yu hai. Jumapili binamu yangu alinipigia simu. Mwanamke ameleta kipande kipya cha mti, anakiunga upande wa kushoto wa ile nusu, na ameshamaliza paji.