Sikukuu Mosi Mbili

Pakiti ya tambi ilikuwa moja tu rafuni, na mikono iliyoishika ilikuwa miwili. Soko la Lewisham, London, lilikuwa limefurika, Ramadhani imebakisha wiki moja kwisha, na wa kwanza kusema alikuwa Ghalia, aliyevaa sare ya makao ya wazee chini ya koti lililochakaa.

"Niachie, kaka. Mie sina nguvu za kugombana na saumu hii."

"Chukua, bibie," alijibu yule mwanamume wa jaketi la udereva wa basi. "Lakini tambi za mtu mmoja hazinogi."

Ghalia akacheka, na hakuwa amecheka mwezi mzima. Tangu mama yake azikwe Pemba, yeye akiwa huku, sikukuu ilimwelemea. Kila mwaka aliomba shifti siku ya Idi ili ipite bila ya kuiona. Tambi alinunua kwa mazoea tu, wala hakuzipika.

Musab, ndilo jina la dereva, hakukawia kuyajua hayo. Simu za baada ya futari zilikuwa ndefu.

"Mwaka huu huendi kazini, habibty. Sikukuu mosi, saa saba mchana, nakuja kukuchukua. Mama anataka kumwona mkwewe."

"Usinitie tamaa, Musab. Mie nikingoja, nangoja kweli."

"Ningoje."

Moyo si jiwe. Mwezi ulipotangazwa msikitini kwao, Ghalia alipika tambi kwa iliki na zabibu, akavaa baibui jipya lenye nakshi za fedha, akajifukiza udi, akakaa dirishani. Saa saba ikaja ikapita. Saa tisa akapiga simu, haikupokewa. Kufika magharibi akalia kilio alichokiweka tangu yale mazishi asiyoyahudhuria, kisha akaifungia namba ya Musab simu zake zisiingie, na kumpigia meneja wake, Emma, kuomba shifti ya kesho.

Kesho yake mchana Musab alisimama mapokezi ya makao ya wazee, kanzu nyeupe pee na kofia ya viua.

"Nimegonga kwako mpaka mkono umeniuma! Idi Mubarak, mpenzi."

"Idi ilikuwa jana."

"Jana? Jana sisi tulifunga! Nilikuwa barabarani na basi, simu imo begini. Nilipokupigia usiku, haiingii."

Wakakodoleana macho. Walianza kufunga siku ile ile moja, na hakuna aliyekumbuka kuuliza watafungua kwa mwezi wa nani. Mjini hapa mwezi ni mmoja, lakini wanaouona ni wengi. Ghalia alitaka kucheka, na pengine yangeisha kwa kicheko, lau Musab asingemshika mkono kumpeleka nje kwenye gari.

Kioo kikateremshwa. Mama yake Musab akamkagua Ghalia kuanzia kola ya sare hadi viatu.

"Ndiye huyu? Siku ya Idi, yuko kazini?"

"Shikamoo, mama. Kwetu ilikuwa jana. Nilingoja."

Shikamoo haikuitikiwa. "Mwenye subira angengoja na leo. Musab, wageni wamekaa, twende."

Musab akamtazama mama yake, akamtazama Ghalia. Akaingia garini.

Jioni, kabla hajatoka kazini, Ghalia aliifungua ile namba, na hazikupita dakika simu ikalia.

"Mpenzi, mama katulia kidogo. Kasema tungoje Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, akuone vizuri."

"Na tutafuata mwezi wa nani?"

Nyuma ya Musab watoto walikuwa wakicheka na kudai sikukuu zao, pesa za Idi.

"Wa mama tu, Ghalia. Tutafanyaje?"

Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Alimpenda, na alijua hana tena moyo wa kukaa dirishani.

"Idi njema, Musab," akasema, akakata.

Akaenda ofisini kwa Emma, akamwomba amwandike kazini Idi ijayo.

"Siku gani?" Emma akauliza.

"Zote mbili."