Mtungi Usiolazwa

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka grisi na mpira ulioungua. Bosi alipanga nati juu ya friza bovu.

"Hii gari ya maabara. Hizi sisi. Hapa barabara inachimbwa, magari yanapita moja moja. Wakisimama tu, tunao."

"Askari?" aliuliza Usukani, dereva wao.

"Askari wa nini? Wamebeba vijidudu, siyo dhahabu. Ni dereva na yule mama wa maabara, basi."

Usukani alicheka. Aliyekaa pembeni hakucheka. Huyo walimwita Friji, kwa kuwa alitengeneza mafriji na pia kwa kuwa kumtoa neno ilikuwa kazi. Alikuwa mdogo wake Bosi, tumbo moja. Tangu mkewe afariki alikula jikoni, amesimama, bila kuwasha taa.

Habari za mtungi waliotaka kuuiba alizileta yeye. Alizipata kwenye chai.

Maabara ile ilihifadhi bakteria, hamira na kuvu, wamegandishwa kwenye vichupa. Mashine zikigoma, aliitwa Friji. Msimamizi, mama mwenye miwani, humiminia kila fundi chai, lakini huyu alimsogezea na kiti. Jamani, mtu akishazoea upweke, kiti tu kinatosha kumvuruga akili.

Ndipo akamweleza desturi yao. Maabara za dunia hupeana amana: nitunzie wangu, nami nikutunzie wako. Nchi moja ya mbali ilikuwa imeleta sanduku lililopigwa lakiri. Mwenyeji halifungui, hata kwa kuchungulia. Kila mwaka mwenzake wa huko, ambaye hawajawahi kuonana, humpigia simu.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo. Wamelala."

Halafu mafuriko yakaizoa maabara ya huko. Likabaki sanduku hilo moja. Ndani yake wamo bakteria wanaozuia viazi kuozea ardhini, na wakulima wa kule wanawasubiri wapewe bure. Leo sanduku linarudi kwao kwa ndege, ndani ya mtungi wa baridi.

Friji alimsimulia kaka yake yote hayo kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Kaka akasikiliza vizuri mno.

"Huyo mteja atawatunza?" Friji aliuliza sasa.

"Kama mayai. Si nimeshakwambia? Ana maabara kubwa kuliko ya huyo mama yako. Wewe kazi yako kubeba."

"Usimwelekezee bastola."

"Haya makubwa!" alisema Usukani. "Lini mahari?"

Friji akavaa glovu zake. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Saa nne kasorobo.

Vumbi. Tingatinga likinguruma. Gari la maabara likapunguza mwendo kwenye mchanga, Usukani akalikatia mbele. Bosi alishuka na kitambaa usoni na bastola mkononi.

"Tulia! Mikono juu! Funguo!"

Dereva wa maabara alitupa funguo kabla hajamaliza kuambiwa. Friji, naye uso umefungwa, alifungua mlango wa nyuma. Mtungi ulisimama kwenye fremu yake, umefungwa mikanda, unafika kiunoni. Akafungua mikanda. Akashika vishikio vyote viwili, akapiga magoti kidogo, akaunyanyua wima bila kuutikisa.

Hivyo ndivyo yule mama alivyomfundisha. Hakuna mwizi anayebeba hivyo.

Mama akamtazama mikono. Angeweza kumtaja pale pale. Mikono ya mama ilikuwa bado juu.

"Usiulaze, fundi," alisema. "Tafadhali. Kwa vyovyote usiulaze."

Friji aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

Saa nne na ushei.

Gari lilikimbia kwenye barabara ya nyuma ya viwanda. Majambazi wana kanuni moja: mali haionekani dirishani. Bosi akausukuma mtungi, akaulaza kwenye sakafu ya nyuma, akautupia magunia.

"Mtungi usimame, kaka."

"Uonekane?"

"Ubaridi umo kwenye kuta zake. Ukiulaza, unamwagika." Ukungu mweupe ulikuwa umeanza kutoka chini ya magunia, ukilamba viatu vyao. Friji akashusha vioo haraka. "Na huu ukijaa humu tunakosa pumzi. Usimame, nakwambia. Watakufa."

"Wafe."

Friji akamgeukia. "Umesemaje?"

Bosi akashusha kitambaa. Uso ule ule wa kaka aliyemwosha miguu na kumpeleka shule walipobaki wawili. "Mteja anauza dawa ya viazi, mdogo wangu. Sasa hao wadudu wakigawiwa bure, yeye atamuuzia nani? Hataki kuwatunza. Anataka wasifike."

"Ulisema kama mayai."

"Ningekwambia kweli, ungekuja?"

Friji alivuta magunia, akausimamisha mtungi katikati ya magoti yake, akaukumbatia. Baridi ya kifuniko ikampenya shati.

"Ulaze," alisema Bosi.

"Sitaki."

"Friji, acha utoto," alisema Usukani. "Kuna kizuizi cha polisi huko mbele, tutaonekana!"

"Basi nishusheni."

Bosi akamwelekezea bastola. Mkono wake ulikuwa imara. Macho ndiyo hayakuwa imara.

"Nimekulea mimi."

"Najua, kaka."

"Una nani mwingine?"

Kusema kweli swali hilo ndilo lililomuuma Friji, siyo bastola.

"Sina," alisema. "Piga au nishushe."

Gari likasimama kando ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa. Bosi hakupiga. Alimsaidia hata kufungua mlango.

"Baki na wadudu wako," alisema. Gari likaondoka, halikurudi nyuma.

Friji alisimama pembeni ya barabara, mtungi wima mbele yake. Malori yalipita. Hakuna aliyemtazama. Akatoa simu, akampigia yule mama.

"Mtungi umesimama," alisema.

Sauti ya yule mama: "Ulilala muda gani?"

"Sijui. Ukungu ulitoka mwingi. Sijui kama wazima."

"Hata mimi sitajua. Si wangu kufungua. Uko wapi?"

Alimwelekeza. "Njoo na polisi," aliongeza. "Upite haraka, uiwahi ndege."

Walikuja. Mama alitazama kipimajoto cha mtungi, akasaidiana na dereva kuupandisha, akaufunga mikanda kwa mikono yake mwenyewe. Friji alipopita na pingu, hakumwangalia.

Kituoni walimuuliza wenzake ni akina nani.

"Sina wenzangu," alisema. Walimpiga, wakamuuliza tena. Jibu likawa lile lile.

Saa za wageni.

Msimu ulikuwa umekwisha na mwingine kuingia. Gerezani Friji hakuwahi kuitwa jina lake dirishani. Kaka hakuja, angekujaje? Siku hiyo askari alipomwita, alidhani amekosea mtu.

Upande wa pili wa wavu alikaa mama mwenye miwani.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Ulikunywa chai yangu."

"Nilikunywa." Machozi yalimtoka, akayaacha.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwenzangu wa kule alipiga simu. Safari hii mimi ndiye niliyemuuliza."

Friji alishika wavu. Alikuwa ameliuliza swali hilo kila alipolala, peke yake, akiikodolea dari. Sasa aliogopa kulitamka.

"Hawajambo?"

"Wengine hawakuamka. Usidhani uliwaponya wote." Akamtazama machoni. "Wale wa viazi wameamka."

Friji aliinamisha kichwa. Muda wa wageni ulikuwa haujaisha. Mama akasogeza kiti chake karibu na wavu. Hakuondoka mpaka kengele ilipolia.