Kikohozi cha Kasuku

Kasuku alianza kwa kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha ndege. Kilikuwa kizito, cha mwanamume aliyemeza vumbi miaka mingi, na Ketrina, aliyekuwa nje akichambua kahawa, aliinua kichwa akidhani mumewe amerudi kutoka machimbo ya Saza.

Ndani hapakuwa na mtu. Alikuwapo kasuku tu katika tundu lake kando ya meko, manyoya yamesimama, macho yanachuruzika, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Na palinuka jiwe lililolowa.

Mumewe Lwitiko ndiye aliyemleta. Ndege alikuwa wa Watson, mchimbaji wa kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyefukiwa na shimo lake mwenyewe, wala hakupatikana. "Ningemwachaje afe njaa?" Lwitiko alisema, kisha akarudi machimboni. Kumlisha kukabaki kazi ya wanawake, kama kawaida.

Ketrina hakuwa mtu wa ndege, lakini binti yake Aida alimpenda, basi akamuuguza. Alimdondoshea maji ya asali, akasugua tundu kwa majivu na maji ya moto, na jioni, baridi ya kijijini Itaka iliposhuka, akalifunika kwa gunia.

Bibi Marita, jirani aliyekuwa akiketi benchi la mbele kanisani na mizizi ya dawa pia aliijua, alipita akacheka. "Mama Aida, baba Aida akiugua utamfanyia hivi?"

"Yeye anajua kusema panapouma, bibi."

"Na huyu je?"

Kasuku akafumbua jicho moja. "Nani yuko juu?" akauliza kwa sauti ya mwanamume.

Kicheko cha Marita kikakatika. Akamvuta Ketrina mlangoni, akanong'ona, "Huyo ni yule wa shimoni. Asiitikiwe hata mara moja. Aliyefukiwa akiitikiwa, anajua pa kutokea."

Ketrina akamwonya Aida, na Aida hakuitika. Alifanya jingine. Ndege alipokataa chakula, mtoto alitafuna ugali akamlisha mdomo kwa mdomo, kama mama wanavyowatafunia watoto wanaoanza kula. Ketrina alipomfuma alimchapa mkono, lakini ugali ulikuwa umekwisha kupita.

Kesho yake kasuku alikuwa chali, mwepesi kama ganda la hindi. Aida alikuwa anatetemeka kwa homa, na mchana ule, ukungu umefunika mibuni hata nyumba ya Marita isionekane, Ketrina alikaa kando ya kitanda akisikiliza kile kikohozi kizito kikitoka katika kifua chembamba cha mwanawe, na kati ya kikohozi na kikohozi kugonga, taratibu, kama nyundo juu ya mwamba, kugonga ambako hakukutoka ukutani wala sakafuni, na harufu ya baruti ikajaa chumba kizima, mpaka midomo ya mtoto ikafunguka na yule mwanamume akauliza, "Nani yuko juu?"

Marita alikuja, akatazama, hakukaa. "Kimehama. Kilipita kwa chakula, kitatoka kwa chakula. Ila kinataka mdomo mwingine."

"Wa nani?"

Bibi akamsogezea Ketrina bakuli la ugali, akatoka.

Ketrina hakulia, hakuwa na nafasi ya kulia. Alimega ugali, akamtia Aida kinywani, akamwambia, "Tafuna, mwanangu." Kisha akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapokea, akameza. Ulikuwa wa baridi, wenye mchanga.

Jioni Aida aliomba uji.

Tangu hapo Ketrina alikula kwa bakuli lake peke yake, na popote alipokwenda aliuma pindo la kitenge, sauti ile isimtoke. Shambani walisema, "Mama Aida siku hizi anaringa, hata salamu anaona uzito." Akawaacha waseme.

Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakatundikwa darini juu ya meko. Siku moja Aida, mzima, mwenye nguvu, alipanda kumwangushia mama yake ya kupukuchua. Moshi ukageuka. Ketrina akakohoa, na kitenge kikamponyoka. Alisikia maneno yakipanda kifuani, mazito, jiwe juu ya jiwe. Akataka kuziba mdomo, lakini mikono ilikuwa imejaa mahindi.

"Nani yuko juu?"

Mahindi yakaacha kudondoka.

"Mimi, mama," Aida akaitika, akicheka. "Si umenituma mwenyewe?"