Bi Kwanini na Shamba la Chemchemi

Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyependa kuuliza maswali. Ukimpelekea kitambaa, atakuuliza umekinunua wapi, na kwa nini umechagua rangi hiyo. Ukimwambia una haraka, atakuuliza haraka ya nini. Majirani wakambandika jina la Bi Kwanini. Mwenyewe hakukasirika. Alicheka tu, kisha akauliza nani alianza kumwita hivyo.

Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka nyumba. Mwaka uliopita aliteleza kwenye bati lenye umande, akaanguka na kuvunjika nyonga. Sasa alitembea kwa mkongojo. Ngazi aliziangalia kwa mbali.

Wawili hawa hawakujaliwa watoto. Walikuwa na shamba la ekari nne, na majina yao yote mawili yalikuwa kwenye hati. Sehemu ya juu, kando ya barabara, ilikuwa tambarare. Katikati walilima mahindi na maharage. Chini kabisa palikuwa na miti mikubwa, na katikati ya miti hiyo palikuwa na chemchemi. Watu wa bondeni waliteka maji pale. Hawakuwa na karatasi yoyote. Waliruhusiwa kwa mdomo tu.

Jumatatu moja asubuhi, Bi Kwanini alikuwa akipinda suruali za shule, mumewe ameketi kando yake. Mlangoni wakaingia watu wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa kaka yake, dereva wa lori, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Wa pili alikuwa mgeni aliyevaa viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mjomba," dereva alisalimu.

"Marahaba. Karibuni mketi. Na mwenzako ni nani?"

"Huyu ni mfanyabiashara wa matofali. Anataka kununua shamba lenu lote."

Mgeni akatoa karatasi mfukoni. "Mama, kila kitu kimeandikwa hapa. Nyinyi mnatia sahihi tu. Mwisho ni Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Mashine zinasubiri."

"Mashine za nini?"

"Za kuchimba udongo. Udongo mzuri uko kule chini."

"Kule chini kwenye miti? Na chemchemi je?"

Mgeni akatabasamu. "Maji hayakosi pa kupita, mama."

Bi Kwanini akamtupia mumewe jicho. Mumewe alikuwa anatazama mkongojo wake.

Mgeni alipoacha karatasi yake na kuondoka, mume akasema, "Tuuze tu, mke wangu. Mguu huu shambani haufiki. Na sisi tukifumba macho, nani atalitunza?"

Dereva naye akasema kwa upole, "Shangazi, sikuja kuwapora. Nina miaka kumi na tano kwenye usukani. Familia yangu yote iko kwenye chumba kimoja cha kupanga. Nilifikiri mkiuza, mtanishika mkono na mimi nijenge."

Maneno hayo yalimchoma Bi Kwanini, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alikosa swali.

Lakini halikukawia kuja. Kesho yake alitoa hati kabatini, akaitia kwenye mkoba, akaenda ofisi ya ardhi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Mafaili yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, na feni ilizunguka kwa kulalamika. Afisa ardhi alikuwa mwanamke kijana mwenye wino wa mhuri vidoleni. Aliisoma hati mstari kwa mstari.

"Mama, unataka kuuza?"

"Sijui, mwanangu. Mtoto wa kaka yangu, dereva wa lori, ametuletea mnunuzi anayetaka sahihi kabla ya Ijumaa kuisha. Anayeuza najua anafanya nini. Nataka kujua asiyeuza anaweza kufanya nini."

Afisa akaweka kalamu chini. "Wengi huja hapa wakiwa wameshauza. Sisi tunabaki kuwapa pole. Wewe umekuja mapema. Je, huyo mnunuzi amekuachia karatasi?"

"Hii hapa."

"Usiitie sahihi kwa sababu tu mtu ana haraka. Mauzo ya halali yanaweza kusubiri mkapata ushauri. Na hati ina majina mawili, kwa hiyo uamuzi ni wa watu wawili. Alhamisi nitakuja tulitembelee shamba. Mwite na huyo dereva."

"Kwa nini na yeye?"

"Kwa sababu mkiamua bila yeye, kesho atakuwa mgomvi wenu."

Alhamisi wakatembea wote wanne. Dereva alikuja shingo upande. Mume wa Bi Kwanini alikwenda polepole, na hakutaka kushikwa mkono. Afisa alibeba ramani na futi ya kupimia. Kila mahali alisimama na kuuliza. Hapa pana faida gani kwenu? Hapa pakipotea, mtakosa nini? Bi Kwanini alifurahi mno. Hatimaye amepata mwenzake!

Walipofika kwenye chemchemi, walikuta kina mama wanane na ndoo zao kwenye foleni. Maji yalitoka chini ya jiwe, membamba lakini safi.

"Mvua haijanyesha miezi miwili," Bi Kwanini alisema. "Maji haya yanatoka wapi?"

"Ni mvua ya zamani," afisa alijibu. "Miti na majani huzuia maji ya mvua yasikimbie. Yanazama ardhini, halafu yanatoka hapa kidogo kidogo. Mkikata miti na kuchimba udongo, chemchemi inaweza kuchafuka. Inaweza hata kukauka."

Dereva aliitazama ile foleni. "Kumbe watu wote hawa wanategemea hapa? Mimi napita kule juu na lori tu."

Mume wa Bi Kwanini alikuwa hajashuka huku tangu aanguke. Alikwenda kando, chini ya pale watu wanapoteka, akavua kiatu na kutia mguu mferejini. Alifumba macho.

"Nilikuwa nimesahau baridi yake," alisema.

Wakaketi kwenye kivuli. Afisa akatandaza ramani kwenye majani.

"Si lazima kuuza lote au kuacha lote," alianza. "Shamba moja linaweza kuwa na mipango zaidi ya mmoja. Ile tambarare ya barabarani inaweza kupimwa na kupata hati yake. Hapo mtu anaweza kujenga. Ile ya katikati, kama hamna nguvu ya kulima, mkodisheni jirani kwa mkataba wa maandishi. Andikeni ni kwa miaka mingapi, na atautunzaje udongo."

"Na huku chini?"

"Huku mnaweza kuweka mkataba wa uhifadhi. Shamba linabaki lenu, ila mnakubali kwamba hapa hapachimbwi na miti haikatwi. Watumiaji wa maji wana kamati yao, nayo inapewa haki ya kukagua. Sharti hilo linaandikwa kwenye daftari la ardhi. Akija mmiliki mwingine, linamfunga na yeye."

"Hata tukishakufa?"

"Hata hapo. Na mwandike wosia, ili ijulikane nani anarithi."

Bi Kwanini akakunja uso. "Utaratibu huu uko kila mahali?"

"Hapana. Sheria hazifanani. Ndiyo maana kila mtu aanze kwenye ofisi ya ardhi ya kwao, na amwone mwanasheria kabla ya sahihi. Na sitawaficha jambo. Ardhi yenye sharti huenda ikapata bei ndogo. Na sharti hili ni la kudumu. Halifumuliwi kama pindo la suruali."

Bi Kwanini akaanza kuwaza. Je, kama siku moja watapata shida kubwa? Je, kama nyonga ya mumewe itahitaji kupasuliwa? Alimgeukia mumewe. "Unasemaje?"

"Nimeezeka nyumba za watu miaka thelathini," mumewe alijibu. "Nyingi zimeshabadilishwa bati. Nataka kitu kimoja nilichokitunza kibaki. Lakini huyu kijana naye apate pa kujenga."

Dereva aliinamisha kichwa. "Mjomba, mimi nikipata ile tambarare tu, sina neno."

Hawakukurupuka. Ijumaa mwenye matofali alirudishiwa karatasi yake bila sahihi, akaenda zake. Walijadiliana karibu miezi miwili. Mwanasheria aliwasomea kila kifungu, na Bi Kwanini alimuuliza mpaka akaomba maji ya kunywa. Kisha tambarare ikapimwa na kupewa dereva, nao wakatia sahihi mkataba wa uhifadhi na wosia.

Jirani mmoja alikodi sehemu ya katikati. Alichimba makinga maji ili mvua isibebe udongo, akapanda mahindi na maharage. Kodi yake iliwasaidia kununua chakula na dawa. Kamati ya maji nayo ilizungushia chemchemi uzio wa miti na kujenga mahali pasafi pa kutekea. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Visima viwili vya jirani vilikauka. Chemchemi ilipungua, lakini haikukatika.

Mwezi huo dereva alianza kujenga. Bi Kwanini alimpelekea chai. Alimkuta akibishana na fundi mwashi, ambaye alitaka kuchimba shimo la choo upande wa chini ili kuokoa kazi.

"Hapana," dereva alisema. "Choo kikae kule juu, mbali."

"Kwa nini?" fundi alihamaki. "Huku udongo ni laini!"

Dereva akaweka koleo chini. Akamshika fundi bega na kumgeuza kuelekea kwenye miti.

"Twende nikuonyeshe kitu," alisema. "Na ukiwa na swali, uliza tu. Shangazi yangu huyu hapa."