Wagonjwa, Hatua Moja Mbele

Ulimwona, ukatazama pembeni. Usinibishie, nyuso zenu nazikumbuka. Mwanamke mwenye sare ya jeshi, buti zinang'aa, ameegemea nguzo ya soko la simu huku kashika tumbo kwa mikono miwili, nanyi mkampita kama mnapita gari bovu. Aliyejali ni fundi simu mmoja, na hata yeye ni kwa sababu nguzo ilikuwa ya kibanda chake.

"Afande, utaniangushia banda."

"Likianguka nitakujengea la matofali. Una kiti?"

"Kipo. Ila anayekikalia huacha namba."

Akacheka, jasho jembamba likimtoka. Akaacha namba.

Wakapendana. Alikuwa koplo, lakini fundi alimpandisha cheo, akamwita jenerali wake. Kasoro ya fundi ilikuwa wivu, ule wa kugombana hata na kivuli.

"Umekula, jenerali?"

"Nimekula, mpenzi."

"Na nani?"

"Na kijiko."

"Kambi nzima imejaa wanaume, nawe unaniletea mzaha!"

Mchana mmoja fundi alikuwa akimpelekea mteja simu yake, akaliona lori la chakula la kambi limeegeshwa mbele ya kliniki ya wanawake. Dereva, mwanajeshi mrefu aliyekunja mikono ya shati, alikuwa akimteremsha mwanamke kwa kumshika kiuno. Mwanamke alivaa gauni la bluu. Gauni hilo fundi alilinunua mwenyewe.

Akapiga simu palepale, ng'ambo ya barabara.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kambini," koplo akajibu, huku fundi anamtazama. "Nitakupigia."

Moyo ukamchemka kama uji. Simu ya mkuu wa kambi aliwahi kuitengeneza, namba anayo. Akampigia. "Afande, dereva wako yuko mjini na mchumba wangu. Kliniki ya uzazi! Mimba ya nani hiyo?"

Sasa sikia alichokuwa hajui. Kambini mle, anayeumwa hutoka mstarini asubuhi na kutaja ugonjwa wake kwa sauti, kikosi kizima kikisikia. "Wagonjwa, hatua moja mbele!" Mguu, afande! Homa, afande! Koplo naye alitoka. "Damu haikatiki, afande!" Kikosi kikaangua kicheko. Mganga wa kambi, mwenye bandeji za kila aina na asiye na hata pazia la kumpimia mwanamke, alimpa vidonge vya maumivu. "Mambo ya kike hayo. Yatapita."

Hayakupita. Ruhusa ya kwenda mjini akanyimwa. Ndipo dereva akawa anamficha nyuma ya magunia ya viazi na kumfikisha kwa daktari. Daktari akaona uvimbe kwenye kizazi, akampangia upasuaji upesi. Damu iliyobaki mwilini, alisema, si ya kusubiri nayo.

Simu ile ya wivu ikamtia dereva mahabusu. Koplo akapigwa marufuku kuvuka lango.

"Ni wewe uliyepiga?" koplo alimuuliza fundi kwenye simu.

"Nilidhani..."

"Wao walinicheka. Wewe ukanichongea."

Akakata.

Fundi alifunga kibanda, akavaa shati lake jeupe la heshima, akaenda hadi langoni. Mlinzi, aliyekuwa akijua habari yote, akageuka kukagua bunduki yake. Koplo akaja taratibu, midomo imepauka, akashika waya wa lango.

"Bado una wivu na dereva?"

"Ninao. Alijua unaumwa, mimi sikujua. Nilikuuliza ulikula na nani, sikukuuliza wapi panauma."

Koplo akapitisha kidole kwenye waya na kumgusa.

"Mjinga wewe."

"Nikuoe?"

"Mtu hai ndiye huolewa. Nitoe humu kwanza."

Daktari anamngoja kesho asubuhi. Mkuu wa kambi amesema hafungui lango kwa mambo ya kike. Fundi yuko pale peke yake, na mtu mmoja langoni hufukuzwa kama mbuzi. Umati haufukuziki. Wewe uliyemaliza kusoma, una dada, una mke, una miguu. Vaa viatu. Mwite jirani yako. Njooni langoni mwambieni mkuu afungue, na msiondoke mpaka koplo amepita.